Nguruwe wa Tabitha

Tabitha Ledford alitoka barazani mara ya tatu kuwaita nguruwe, na zizini hamkuwa na nguruwe hata mmoja.

"Suuii! Suuii!"

Sauti ilipanda mlimani ikarudi. Nguruwe wa mwisho aliliwa tangu vuli na jeshi la Kusini, katika vita hivi vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, jeshi lile lile lililojaa uani kwake asubuhi hii. Jenerali wao atakula hapo mchana, walimwambia, wala hawakumwuliza kama anacho cha kumlisha.

Kuita nguruwe katika milima hii ya Karolina ni jambo la kila siku, hakuna anayegeuza shingo. Lakini wito ule ulikuwa wa kumwonya Asa, mwanawe wa pekee, aliyetoroka jeshi hili hili miezi mitatu iliyopita na kujificha vichakani juu ya chemchemi. Mama akiita nguruwe: kaa huko huko, pana hatari. Akiita ng'ombe: shuka, njoo ule. Hivyo ndivyo walivyopatana. Mtoro akikamatwa ananyongwa siku hiyo hiyo, hakuna cha kesi wala cha mama yake kulia.

Akarudi jikoni. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi, na jenerali alionekana kaketi dirishani, koti limejaa dhahabu mabegani na mikononi, vifungo vinameremeta. Jasho linamtiririka, macho hayabanduki mlimani, kama anayengoja risasi itoke huko. Jamani, mtu gani huyu? Tabitha alimwogopa hata kumtazama mara ya pili.

Nafuu ilikuwa mpishi wao. Mzee mmoja wa koti lililochanika viwiko, amechuchumaa mbele ya moto anamenya viazi. Ndiye aliyeagiza kiti cha jenerali kiwekwe dirishani. Buti zake tu ndizo zilikuwa nzuri, nzuri mno, lakini mwaka huo nani hakuvaa buti za maiti?

"Dada, chumvi unayo?"

"Chumvi! Tangu Krismasi nachimba sakafu ya banda la kukaushia nyama, nachemsha udongo ulionyonya chumvi ya zamani. Unaniuliza chumvi?"

Mzee alicheka, akafungua kitambaa, akammiminia chumvi nyeupe kiganja tele. Tabitha aliramba kidole kabla hajajizuia, na machozi yakamlengalenga. Mtu huyu alizungumza kama watu wa nyumbani, hata kuvuta maneno kwake kulikuwa kwa kimilima.

"Mbona mkubwa wako hali, kaka, na sahani iko mbele yake?"

"Hali mpaka mimi niseme. Anaogopa sumu." Akapaza sauti: "Ki salama! Kula!"

Sebuleni kijiko kiligonga sahani papo hapo. Tabitha akajisemea, mpishi huyu ana ulimi, siku moja utamponza.

Mzee alichukua kiazi kingine. Akakimenya chote, kisha akasema polepole.

"Na hao nguruwe wako, dada. Nimezunguka nyumba nzima. Sijaona hata kinyesi."

Mwiko ulimponyoka Tabitha.

"Shh. Okota mwiko. Mimi ni mtoto wa milima hii hii, mama yangu alikuwa na wito unaofika mto wa pili. Nani yuko huko? Mumeo?"

"Mwanangu." Neno lilimtoka lenyewe.

Mzee alitikisa kichwa, akashusha pumzi. "Basi nisikilize. Wapanda farasi sita wamezunguka mlima kwa nyuma, na mbwa wanao. Saa moja haipiti watakuwa wamemfikia. Juzi wamenyongwa wawili, dada, mmoja hata ndevu hajaota. Mwite ashuke sasa hivi. Nitamvisha aproni, amenye viazi pamoja nami. Nani anamwangalia mpishi?"

Tabitha aliokota mwiko. Asipoita, mbwa. Akiita, je? Mdomo ulimkauka na chumvi yote ile. Ndipo mbali, juu kabisa, mbwa akabweka.

Akatoka.

"Sukau! Sukau! Sukauuu!"

Ng'ombe wake mmoja, aliyefungwa pale pale uani, aliinua kichwa akamtazama kwa mshangao.

"Mama, si huyo hapo!" askari mmoja akapiga kelele. "Tukuazime miwani?" Wenzake wakaangua kicheko.

Asa aliingia kwa mlango wa nyuma, kusikokuwa na askari, majani yamemjaa nyweleni, macho kwenye chungu. Tabitha alimkumbatia akakuta mifupa mitupu. Mzee mwenyewe alimvisha aproni, akamfungia fundo mgongoni, akampakulia maharage na mkate wa mahindi, akayanyunyizia chumvi.

"Kula kwanza, mwanangu. Kula ushibe."

Asa alikula bila kupumua. Kwenye bakuli la pili alianza kutafuna, na mama yake, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamshukuru Mungu.

Kiti kikakwaruza sebuleni. Mtu wa koti la dhahabu alikuwa anakuja. Tabitha alijitupa mbele ya Asa, akatandaza sketi yake apate kumficha.

Mtu yule hakumtazama mama wala mwana. Alivua kofia, akabana visigino mbele ya mzee mwenye kisu cha viazi.

"Jenerali," alisema, "kamba tufunge mti upi?"