Maji ya Moto ya Bwana Khoat

"Geuza," alisema Bi Nhan. "Hapo tangi linatazama kaskazini. Jua litalipatia wapi?"

Fundi Tuyen alishusha pumzi, akalibandua tangi la maji kutoka kwenye paa la buluu, akaligeuza tena. Paneli za sola alikwisha kuzipanga upande wa kusini, nyeusi, zinang'aa, mpaka jirani mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli kando ya mashamba ya mpunga alisimama akazisifu. Lakini Bi Nhan hakuwa na haja ya sifa. Alitaka maji ya moto, na aliyataka kabla ya adhuhuri.

Leo ndiyo siku ambayo mumewe, Bwana Khoat, angekabidhiwa nyumba yake. Kwetu siku kama hiyo haisogezwi. Mnajimu alikwisha kuitazama hata saa yenyewe, kuku wa kuchemsha na wali wa kunata walikuwa tayari kwenye sinia, na aliyechelewa leo angengoja mpaka mwakani.

Na tuseme ukweli, kosa lilikuwa la Bi Nhan. Baridi ya mwisho wa mwaka huku kwetu kaskazini haina adabu, inamfuata mtu mpaka kitandani. Kila ilipoingia, Khoat aliomba awekewe sola ya kupashia maji kama majirani. Kila mwaka mkewe alimjibu, "Mwakani. Kwani birika halipo?" Basi Khoat akaoga maji ya birika, nusu vuguvugu nusu barafu, akatoka bafuni anatetemeka, wala hakugomba. Hapo ndipo palipokuwa pakimuuma Bi Nhan sasa. Laiti angegomba hata siku moja.

"Haya wifi," alisema Bi Thoa, dada mkubwa wa Khoat, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akimenya balungi. "Miaka yote hiyo birika. Leo ndiyo umekumbuka kuna jua?"

"Nimekumbuka. Na wewe umemletea nini?"

"Huoni gari?"

Gari lilionekana vizuri sana. Lilikuwa jeusi, limeegeshwa mlangoni, na dereva wake ndani. Dereva huyo alikuwa ameketi vile tangu asubuhi, mikono kwenye usukani, hata chai hajaomba.

"Khoat hajui kuendesha," alisema Bi Nhan.

"Ndiyo maana nimempa na dereva. Mimi nafikiria mambo mpaka mwisho, wifi. Hayo mapaneli yako nani atayafuta vumbi? Halafu ghorofa tatu zote hizi kwa mtu mmoja. Wewe utahamia lini?"

"Sina haraka."

Bi Thoa alicheka kwa pua, akaendelea na balungi lake.

Bi Nhan akamgeukia fundi. "Na mtambo huu ukiharibika je?"

"Mama, ondoa shaka," alisema Tuyen. "Marehemu baba yangu aliwawekea watu redio, mimi nawawekea sola. Tangu enzi zake mpaka leo hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kulalamika."

Safari hii Bi Thoa alicheka mpaka kipande cha balungi kikamponyoka. Bi Nhan hakucheka. Alikuwa ameinama, anachungulia kwenye dirisha la bafu.

"Bomba liko wapi?"

"Bomba gani, mama?"

"La kuteremsha maji kutoka kwenye tangi. Naona tangi, naona bafu, katikati hakuna kitu. Mume wangu atapanda kwenye paa kuoga, watu wote wanamtazama?"

Tuyen alikuna kichwa. "Mama, wateja wengine wakiona tangi tu wanaridhika."

"Hao hawakumnyima mtu maji ya moto maisha yake yote. Weka bomba."

Fundi akatafuta ufito mwembamba wa mwanzi, akaupaka rangi ya fedha, akaanza kuupitisha taratibu kutoka kwenye tangi kuelekea bafuni. Mawingu nayo yalikuwa yakishuka. Bi Nhan alitazama juu, akatazama mikono ya fundi, akatazama juu tena.

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya paneli, likaacha doa.

"Fanya upesi, mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa imembadilika. "Ikilowa hii nimekwisha. Nitamwambia nini? Mwakani tena?"

"Gundi haijashika, mama."

"Itashika njiani."

Bi Thoa, aliyekuwa akitania tangu kulipokucha, alinyanyuka. Akafungua mwavuli wake, akautanda juu ya nyumba nzima, ghorofa zote tatu, pamoja na gari na dereva wake. Yeye mwenyewe akabaki analowa.

"Washa, wifi," alisema. "Ndugu yangu anaona baridi."

Bi Nhan akapiga kiberiti, akakigusisha kwenye ukuta wa karatasi, maana kwetu zawadi ya marehemu humfikia kwa moto. Moto ulipopanda ukalifikia tangi, akaligeukia kaburi la mumewe.

"Haya, baba watoto," akasema. "Maji yamepata moto. Kaoge."