Shavu la Mwanamke wa Ukutani

Kamera ya joto haimsitiri mtu. Ukuta mzima ulionekana wa buluu, baridi tupu, ila kwenye shavu la yule mwanamke aliyechorwa karne nyingi zilizopita paliwaka kiganja chekundu, cha mtu aliyeondoka sasa hivi. Kidole cha mwisho kilikuwa nusu.

Fundi wa kukarabati michoro aliisogeza kamera karibu. Miezi yote hii walikuwa wakilaumu unyevu, rangi ya shavu lile ikizidi kubanduka. Na kidole kile anakijua. Mlango ulikikata mbele ya macho yake, fundi akiwa darasa la pili.

Mlinzi wa jumba hili la kale ndiye baba yake. Tangu wamzike mama, mzee huwahi kazini kuliko wote, na watu humsifu. Fundi akamtazama upya mwanamke wa ukutani: macho yale malegevu, kidevu kile. Sura ya mama yuleyule.

"Umeshajua kinachoila rangi?" mkuu wake aliuliza kutoka mlangoni, akija. "Kama kuna mtu anaugusa ukuta huu, leo hii hii anafungasha virago!"

Kwenye kioo cha kamera, kiganja kilikuwa bado hakijapoa.

Fundi akavua glavu, akabandika mkono wake palepale, juu ya alama ya baba, kabla mkuu hajafika. Kwa mkono, ukuta ulikuwa wa baridi tu, kama paji la uso la mama siku walipomuaga.