Jirani wa Nyuma ya Pazia

Ta. Ta. Ta. Vimpira vitatu viligonga juu, na Dereva akafumba macho kwa hasira. Jirani wa nyuma ya pazia alikuwa amempita tena.

Yeye pia alikuwa na kifaa hicho hicho: kikasha cha plastiki chenye vimpira vitatu na mrija wa kuvutia pumzi. Ukivuta hewa kwa nguvu, vimpira vinapanda. Tangu apasuliwe kifua, Dereva hakuwa amepandisha hata kimoja. Kila akivuta, mshono ulimchoma hadi akaona nyota.

"Usipovuta, mapafu yatasinyaa, makohozi yatalala humo, halafu homa ya mapafu ikurudishe kwenye mashine ya kupumulia," mama wa mazoezi alimwambia bila kumung'unya maneno. "Wewe na jirani yako mmepasuliwa siku moja. Msikilize mwenyewe."

"Mbona haongei?"

"Koo bado linamsumbua."

Sasa Dereva huyu ni mtu aliyeendesha lori miaka nenda rudi na hajawahi kukubali kupitwa, hata na gari la zimamoto. Alikumbatia mto kifuani kama alivyofundishwa, akakohoa, akatema, akavuta. Kimpira kimoja kikapanda kwa kusitasita. Nyuma ya pazia: ta, ta, ta.

"Ngoja nikatafute chai," mkewe akasema ulipofika wakati wa zoezi la jioni. Ndivyo alivyofanya kila zoezi lilipoanza. Maskini, hakuwa na moyo wa kumwona mumewe akiumia.

"Nenda tu, mama watoto. Huyu bwana leo atakula vumbi langu."

Vikawa viwili. Siku iliyofuata vikapanda vyote, vikakaa huko juu, na Dereva akamrushia jirani maneno ambayo hayasemwi mbele ya wakwe. Hatimaye daktari aliitazama picha ya kifua, akasikiliza mgongo mzima, akasema mapafu yamefunguka vizuri. Kesho nyumbani.

Jioni, mama watoto alipotoka kwenda kutafuta chai yake, Dereva hakugusa mrija. Aliona haya kwa matusi yale. Bila jirani huyu angekuwa amerudi kwenye mashine, na alitaka kumpa mkono wa shukrani. Alishuka kitandani taratibu, akakokota ndala, akavuta pazia.

Juu ya kitanda kitupu kilichotandikwa vizuri alikaa mkewe, kikombe cha chai mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akikipindua kifaa juu chini, chini juu: ta, ta, ta.