Nahodha Asiyekufa

"Sasa nahodha anaogelea, bibi! Papa yuko nyuma, anamkosakosa mguu!" Justus alipaza sauti, huku ameikodolea macho televisheni iliyokuwa nyeusi tititi.

Bi Wahida alicheka, akajikita vizuri juu ya mto wake mwekundu. Alikuwa haoni, miaka mingi sasa, lakini kwa visa vya bahari mwanamke huyo hashibi.

Justus alikuwa dereva wake hapo mjini Al-Rawdah, mbali na kwao Kenya. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, kazi yake ilikuwa kumsimulia filamu ya kale isiyo na sauti. Ilitokana na kitabu ambacho marehemu mumewe Bi Wahida alikuwa akimsomea, na mjukuu wake, Hamdan, ndiye aliyeileta kwenye diski kutoka Riyadh.

Ijumaa ya kwanza Justus alisimulia alichokiona: meli ilizama, nahodha akafa.

"Kafa? Kitabuni karudi kwao!" Bi Wahida alinuna, hata kahawa akaikataa.

Ijumaa ya pili, diski mafi, haipo! Justus alipekua droo, akainua zulia, akatikisa mito yote isipokuwa ule anaoukalia bibi. Mungu wangu! Ikama yake, kile kibali cha kuishi huko, ilikuwa karibu kuisha, na kafili, mdhamini wa kibali hicho, ni Hamdan. Angemwambia nini, kwamba zawadi ya bibi imepotea mikononi mwake? Atamrudisha Kenya kesho yake.

Basi akaanza kutunga. Filamu yenyewe haina sauti, bibi haoni, nani atajua? Ndani ya wiki tano nahodha alitoroka gerezani, akaoa, akapata mapacha. Justus mwenyewe alikuwa amenogewa.

Leo alikuwa hajamtoa nahodha kwa papa, mara mlango ukafunguliwa. Hamdan huyo, na begi la safari mkononi.

Aliitazama televisheni. Akamtazama Justus. "We, unasimulia nini? Filamu iko wapi?"

"Bosi, haki ya Mungu..."

"Hebu mwache!" Bi Wahida aliinua nyonga kidogo, akaingiza mkono chini ya mto mwekundu, akachomoa diski na kumtupia mjukuu wake. "Chukua takataka yako. Hao walomuua nahodha hawakusoma kitabu. Haya Justus, mwanangu, tulikuwa kwa papa."