Mabawa ya Debe

Mjukuu wangu, umewahi kuona pikipiki yenye mabawa?

Babu yako aliyakata kwenye debe la mafuta, enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Akayafunga kando ya taa, yameinamia mbele, kingo kazikunja kwa nyundo zisinichanie kitenge nikipita.

"Mzee, unataka kuruka?" walimcheka stendi ya Makambako.

"Nataka isiruke," akajibu. Tukipakia viazi, gurudumu la mbele lilinyanyuka kila mlima.

Siku hiyo tulipanda kilima cha Kichiwa, mimi nimekaa kiupande kati yake na gunia, naangalia mikono yake kwenye usukani kama kawaida yangu. Upepo uliyakandamiza mabawa, gurudumu likatulia.

Kileleni akasimama, anacheka peke yake. Nikashuka, nikakaza kitenge.

"Baba Avelina, leo kaa nyuma. Siku zote nilikuwa nataka kuendesha."