Taa ya Mama

Kila chumba mjini kilikuwa na taa iliyofuata mioyo ya wenye chumba, kwa kanuni ya nyota fulani za galaksi jirani ambazo mwanga wake hupigapiga kama moyo: inayopiga polepole ndiyo yenye mwanga mwingi. Basi Siwatu alinyonyesha gizani, kwa kuwa moyo wa mtoto mchanga huenda mbio, na wa Siwatu mwenyewe ulienda mbio kwa hasira.

"Nyota ni nyota, mtu ni mtu!" alimfokea mkaguzi wa taa. "Mwanangu kakosa nini?"

"Tulia, dada. Ukitulia, utapata mwanga."

"Nitulie vipi nawe umeniweka gizani?"

Taa ikazidi kufifia.

Mara vigelegele vikasikika uani. Dirisha la mama yake, aliyeugua tangu masika, lilikuwa linang'aa jeupe pe.

"Hongera, Siwatu!" majirani walipaza sauti. "Mama ametulia!"

"Unaona?" mkaguzi akatabasamu. "Mwige mama yako."

Siwatu akampiga kikumbo, akakimbilia chumbani kwa mama yake. Akaushika mkono wake, umepoa. Juu yao taa iliwaka kama jua la mchana, ikingoja pigo lifuatalo. Nje vigelegele vilizidi.