Kilainishi cha Tunu

Nikiri kosa langu kwanza: kwenye foleni ya duka la dawa siku ile, nami nilicheka. Tunu aliomba kilainishi cha maji, kile cha kutumia na kondomu, muuzaji akamwekea mafuta ya nazi.

"Haya yalitupasulia kondomu juzi," Tunu akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya nyanya.

"Dada, kwani ni kwa mambo ya nyuma?" muuzaji akanong'ona. "Mumeo anajua?"

"Yule pale mlangoni, muulize. Tumekubaliana wote wawili, haraka hatuna, na nikisema basi, ni basi. Sitakubali kuumia kwa sababu wewe unaona haya."

Sote tukaikodolea macho kalenda ya ukutani. Tunu akairudisha chupa ya nazi kwa kidole kimoja.

"Nipe kilainishi, kaka, unieleze na kinavyotumika. Ila usinong'one."